Nani Anamtoa Mwenye Nyumba?

Sina haja ya kujificha, mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akibisha hodi namuuliza ni nani, akijibu namuuliza tena kwa sauti nyingine. Mume wangu husema siku nikifika peponi nitaomba kwanza kuona hati ya kiwanja. Kwa hiyo mkuu wa vipindi alipotuita ofisini na kutuambia, meno yote nje, kwamba kituo kimetuletea wasaidizi wa kuandika, mimi nilianza kwa kuyaangalia hayo meno.

Naandika mchezo wa redio. Kila wiki watu hukaa kuwasikiliza wapangaji wa nyumba moja yenye vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji na choo kimoja, na humo ndani haipiti siku bila ugomvi. Juu ya wote yuko Mwenye Nyumba, mwanamke mwenye mdomo usio na kufuli na rundo la funguo kiunoni. Sauti yake ni ya mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, aliyenichukua mama alipofariki na kunilea mpaka nikaolewa. Wasikilizaji hunisifu mimi kwa maneno ya Mwenye Nyumba. Ukweli ni kwamba hukaa jikoni kwa mama mkubwa, yeye anagombana na sufuria, na paka, na mimi mwenyewe, halafu nakimbia kwangu kuyaandika kabla hayajapoa.

Hao wasaidizi walikuwa programu za akili mnemba, tatu, za kujaribiwa. Tulitakiwa kuchagua moja ya kunisaidia kutunga. Kamati ilikuwa ndogo: mimi, fundi mitambo tunayemwita Waya kwa sababu shingoni mwake hamkosekani mmoja, na mama mkubwa kwa niaba ya waigizaji. Yeye herufi ndogo zimemshinda siku nyingi, lakini programu zile zinasikia na kujibu kwa sauti, basi angezungumza nazo tu. Mkuu alifungua akaunti moja ya ofisi kwa kila programu, na maneno ya siri yakaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa kompyuta ya studio. Sote watatu tuliingilia humo humo.

"Jamani, mambo yamebadilika," mkuu alisema akituaga. "Siku hizi hata sauti zinatengenezwa." Akacheka, peke yake.

Neno hilo la sauti nililiweka kibindoni.

Waya ndiye aliyezipa majina. Ya kwanza aliita Mpole, kwa sababu kila ulichoandika ilikisifia. Niliijaribu kwa kuandika upuuzi mtupu kuhusu ndoo, ikaniambia nina jicho la kipekee. Mtu anayenisifia kabla sijakaa huwa nashika mkoba wangu. Ya pili ilikuwa Profesa. Hii ilimfanya Mwenye Nyumba aseme, "Ningependa kukufahamisha kwamba mwenendo huo haukubaliki," wakati mwanamke yule hajawahi kumfahamisha mtu kitu bila kumtajia na ukoo wake. Ya tatu ilikuwa Msahaulifu. Ukiifunga leo, kesho haikujui. Kila asubuhi unaanza upya kuieleza nani ni nani, nani kamnunia nani, na kwa nini mpangaji wa chumba cha mwisho hasalimiani na wa chumba cha mbele. Ilinichosha kupita kiasi.

Nikazipa zote kazi ileile. Mpangaji wa chumba cha mwisho kafuga kuku bafuni, Mwenye Nyumba kagundua. Andika.

Mpole ikaandika vizuri, sikatai. Kuku walikuwepo, matusi yalikuwepo, hata sabuni iliyodonolewa ilikuwepo. Lakini katikati ya ugomvi Mwenye Nyumba akavuta kigoda, akakaa, akafungua funguo kiunoni na kusema, "Shikeni, mimi imetosha." Nikasoma tena. Mimi nimeomba kuku, huku mtu anaaga.

Nikafungua Profesa. Kwa lugha yake ya kufunga tai, nayo ikamkalisha Mwenye Nyumba na kumfanya akabidhi funguo "kwa kizazi kinachofuata". Msahaulifu peke yake ndiyo iliyoandika habari ya kuku tangu mwanzo hadi mwisho, bila utamu wowote, na Mwenye Nyumba akabaki na funguo zake.

Nikabadilisha kazi. Nikaomba harusi ya wapangaji wawili. Mpole ikampa bibi harusi funguo. Nikaomba bomba lipasuke. Profesa ikamfanya Mwenye Nyumba ayatazame maji yakienda na kutangaza kwamba naye wakati wake umefika. Bomba limepasuka, fundi hajaitwa, yeye anatangaza.

"Waya," nikasema, "hizi programu nani kazipanga?"

"Hakuna aliyezipanga, dada. Labda zimeona hadithi nyingi zinaisha hivyo."

"Zote mbili? Kwa funguo zilezile?"

Waya akaanza kukunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Nikamtazama mikono, kisha nikatazama mlango wa ofisi ya mkuu, na hesabu ikajipanga yenyewe kichwani. Sauti zinatengenezwa. Mama mkubwa ameanza kuzeeka. Anatolewa taratibu, na ili isionekane ni mkono wa mtu, inasemwa ndivyo mashine zilivyopendekeza.

Nieleze kilichokuwa kinanichoma. Mama mkubwa hana mume, hana mtoto wa kumzaa. Ana mimi, na ana Mwenye Nyumba. Sokoni wanamwita kwa jina hilo, wanampunguzia kwa hiari yao, wanamwomba awatukane kidogo watoto wao waliokataa shule, naye huwatukana kwa furaha. Siku ya kurekodi huamka, akapiga pasi kitambaa cha kichwa kana kwamba redioni anaonekana. Ukimtoa kwenye mchezo ule umembakiza na paka. Nilijiapia kwamba maadamu kalamu iko mkononi mwangu, hakuna wa kumtoa, awe mtu au mashine.

Nikaingia kwa mkuu bila miadi.

"Unataka kumtoa mama mkubwa?"

"Mimi?" Akaweka kikombe chini. "Yule ndiye anayetuletea wasikilizaji. Nani kakwambia?"

"Hizo programu zako zimeniambia."

"Basi ziulize zenyewe." Na hapo akaanza kupanga karatasi za mezani ziwe sawasawa. Mtu asiye na hatia hapangi karatasi. Nikatoka nikiwa na uhakika zaidi kuliko nilivyoingia.

Jioni nikapita kwa mama mkubwa. Nilimkuta jikoni, birika limechemka. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda changu, nikamwaga yote: Mpole, Profesa, funguo, sauti za kutengenezwa, karatasi za mkuu. Nilitegemea awashe moto. Mama mkubwa ninayemjua angemwita mkuu majina ambayo nisingeweza kuyarusha hewani.

Akanimiminia chai. Ilikuwa maji matupu, ya moto, meupe kabisa.

"Mama mkubwa, majani umeyasahau."

"Nakupunguzia. Ukinywa chai unazidi kupayuka." Tukacheka. Akatia majani, akakaa. "Na wakinitoa, ndiyo nitakufa?"

"Hawakutoi."

"Mimi nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekujibu. Nikiwa hai hawakutoi."

Akaniuliza kama nimeonana na yule, nani yule, wa mlango wa bluu. Jirani yake wa miaka yote. Nikamtajia jina, akasema ndiye huyohuyo, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilirudi nyumbani nina hasira. Nilidhani wamekwisha kumlainisha.

Nikaanza kufuatilia. Niligundua mama mkubwa anafika kituoni hata siku zisizo za kurekodi. Niligundua anaweka kidude kimoja cha kusikilizia sikioni anaporekodi, na nilipouliza, Waya alijibu haraka mno kwamba ni kwa ajili ya usikivu. Usikivu upi, wakati mama yule husikia paka akifungua kabati akiwa uani? Nikasikiliza kipindi kilichopita nikiwa nimefumba macho, na masikio yangu yakakamata kitu: maneno ya Mwenye Nyumba yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa, kipande kwa kipande, kama kitambaa cha mafundi wawili.

Basi, nikasema, wanamrekodi vipande wajaze mashine. Wanaiba sauti yake mchana kweupe, na yeye anawapa mwenyewe kwa chupa ya soda. Nikajuta kwa nini sikuwa na shemeji polisi.

Wakati wa chakula cha mchana kituo hubaki kitupu. Nikajifanya naondoka na wenzangu, nikafika getini, nikageuka. Kwenye mlango wa studio taa nyekundu ilikuwa inawaka. Hakukuwa na ratiba ya kurekodi chochote. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikasukuma mlango wa chumba cha mitambo.

Waya alikuwa ndani, sahani mapajani. Aliponiona akaacha kutafuna. Nilikuwa nimeandaa maneno yake, makali, lakini akaweka kidole mdomoni, na macho yake hayakuwa ya mwizi. Akanivulia hedifoni na kunipa.

Upande wa pili wa kioo mama mkubwa alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni, katupa mgongo, kitambaa kimepigwa pasi. Mbele yake ilikuwa kompyuta. Skripti yangu ilikuwa mezani, imefunikwa kifudifudi.

"Nani kaacha bomba wazi?" ilisema sauti ya Mpole, laini kama mtu anayembembeleza mgonjwa, ikimsomea mstari wangu.

"Nani kaacha bomba wazi!" alirudia mama mkubwa, na hata kioo nilihisi kimeshtuka.

"Maji haya yanatoka kwa babako?"

"Maji haya..." Akanyamaza. Akashika kona ya meza. "Maji haya. Ngoja. Nirudishie."

Mpole ikamrudishia. Akasema nusu, nusu ikampotea. Ikamrudishia tena.

"Hapo ndipo yananitoroka," mama mkubwa aliiambia ile mashine. "Asubuhi ninayo yote. Mchana nayatafuta siyaoni."

"Hakuna haraka. Tuendelee polepole?"

"Tutaendelea. Lakini lile nililokuomba, umenipatia? Namna ya kumtoa huyu mwanamke. Nilikwambia asiugue na asife."

"Anaweza kukabidhi funguo kwa mpangaji anayemwamini, kisha akaenda kuishi kwa dada yake."

"Dada yangu amekwisha kufa."

"Pole sana. Basi anaweza kwenda kwa mwanawe."

Mama mkubwa akaiachia kona ya meza. "Hiyo nzuri. Ila mwandishi asijue ni mimi niliyeomba. Ni mwanangu, namjua. Akijua atanibeba. Ataniandikia neno mojamoja kama anayemlisha mtoto, na mimi nitaona haya kukataa, mpaka siku nitakayokwama mbele ya wenzangu wote. Sitaki wanikumbuke hivyo. Nataka nitoke kwa miguu yangu."

Nikavua hedifoni. Masikio yangu yalikuwa ya moto.

"Aliziambia zote tatu," Waya alinong'ona. "Alikuwa anazijaribu, kama kamati ilivyotaka. Msahaulifu ilisahau. Hizi mbili zinakumbuka kila kinachosemwa kwenye akaunti, na akaunti ni moja, dada. Wewe ukiingia kuandika habari ya kuku, zinadhani ni yeye amerudi. Zinadhani nyinyi ni mtu mmoja."

"Na wewe ulijua."

"Aliniapisha. Mimi ndiye ninayemtajia mistari sikioni na kuunganisha vile vipande." Akainamisha kichwa. "Na nilimpeleka kwa daktari. Alisema wewe utamkaripia daktari."

Ningemkaripia, ndiyo. Niliumia, na niseme wazi niliumia kwa wivu. Mwanamke aliyenifundisha kusema, ambaye maneno yake yamenipa jina, siri yake kubwa kampa Waya na mashine inayosifia ndoo. Na mashine, kwa ujinga wake, ikawa inaniletea siri hiyo kila siku mlangoni, mimi naifukuza kwa kelele za njama.

"Izime sauti," nikamwambia Waya.

"Nini?"

"Hiyo Mpole. Izime. Skripti ninayo kichwani, mimi ndiye niliyeiandika."

Akaizima. Upande wa pili mama mkubwa alikuwa anangoja mstari unaofuata. Nikabonyeza kitufe cha kuzungumza na aliye ndani, nikajitahidi kuilainisha sauti yangu.

"Na wewe wa chumba cha mwisho, kuku wako wanaoga kuliko wewe."

Hakugeuka. Mabega yake tu yalishuka kidogo.

"Hiki chombo leo kina mafua," alisema.

Nikavuta kamasi, kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Umekaa hapo tangu lini, wewe mtoto?"

"Tangu bomba, mama mkubwa."

"Na viatu umevishika mkononi, si ndiyo? Nakujua." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Ingia basi. Unataka tupigiane kelele kupitia ukuta kama wapangaji wako?"

Nikaingia. Nikataka kumkumbatia, nikajikuta namgombeza. "Umekwenda kuiambia mashine. Mimi nipo, umeiambia mashine."

"Mashine hailii. Wewe ona ulivyo."

Nilikuwa nalia, na viatu bado viko mkononi.

"Nisikilize," alisema. "Ningekwambia, ungenizuia kwa mapenzi. Ungepigana na mkuu, ungepigana na daktari, ungepigana na kichwa changu. Nimekuona wiki hizi zote ukinipigania. Nilipenda, sitaki kusema uongo. Nilikaa nikasikia raha. Lakini nimechoka kuyatafuta maneno, mwanangu. Niandikie niondoke nikiwa bado nayapata."

Sikuahidi siku ile. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kichwa kinaniuma. Kwa siku kadhaa nilifungua ukurasa na kuufunga. Halafu nikarudi jikoni kwake, nikakaa kwenye kigoda changu, na tukaanza. Sikufungua programu yoyote. Yeye alisema, mimi niliandika, na alipopotea nilimngoja. Kungoja ndiko kulikonishinda mwanzoni. Mdomo wangu ulikuwa unawasha kumtajia neno, naye alikuwa akinyoosha kiganja kunizuia, mpaka alipolipata mwenyewe au alipolikosa na kunipa ruhusa.

Kikao cha kamati kikafika. Mkuu akauliza tumechagua ipi. Waya akanitazama, mama mkubwa akatazama dirisha.

"Msahaulifu," nikasema.

"Lakini ripoti yako mwenyewe inasema inachosha. Kila siku unaieleza upya."

"Inachosha. Lakini ukiiambia jambo lako, haiendi kumwambia mwingine. Na kueleza upya nimeanza kuzoea."

Mama mkubwa akacheka kwa pua. Mkuu hakuelewa, na nilipotoka nikamwomba radhi kwa kumvamia siku ile. Akasema karatasi zake huzipanga hivyo kila akiogopa mtu.

Siku ya kurekodi kipindi cha kuondoka, kile kidude cha sikioni kilibaki kwenye droo. Niliomba kuketi ndani ya studio, kiti changu kando ya kiti chake, nimnong'oneze mstari kila akinigusa goti. Waigizaji wenzake walijua anaondoka, sababu hawakuijua. Walidhani amechoka na foleni za asubuhi. Alipiga kelele kuhusu bomba, akamtukana mwenye kuku, akamuaga yule wa chumba cha mbele, na goti langu aliligusa mara chache kuliko nilivyohofia.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Mwenye Nyumba anafungua funguo, lile rundo la vyuma tunalotumia kutengeneza mlio wake, na kumkabidhi mpangaji wa chumba cha mbele. Mwigizaji wa sehemu hiyo alikuwa amesimama upande wa pili wa maikrofoni, mkono umenyooshwa. Nikamsogelea mama mkubwa sikioni na kumnong'oneza mstari.

Akatikisa kichwa. Akageuka kwenye kiti mpaka akanielekea mimi, mgongo kwa mwenzake, nusu ya uso nje ya maikrofoni. Akanichukua mkono, akazitia funguo kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake vyote.

"Haya, mwanangu," alisema. "Ukifunga mlango, vuta tena uhakikishe. Mimi nakuja kukaa kwako."

Hayo hayakuwemo kwenye skripti. Mwigizaji mwenzake alibaki na mkono hewani. Kule kwenye kioo nilimwona Waya, mkono uko karibu na mtambo, na hakukata.

Sijui kama alisahau yuko kwenye mchezo au alikusudia kila neno. Ningeweza kumuuliza. Ningeweza kumbana Waya, ningeweza kurudia ile sauti mara nyingi nikiwa nimefumba macho, kama kawaida yangu. Nilimtengenezea chumba tu, kile cha upande wa jua, na paka akaja naye.